Mtoto Akimeza Dawa ya Mkubwa

Wasikilizaji wangu mlioko Chimala, Igurusi na Rujewa, na ninyi mlioko huko juu Matamba ambako baridi ya jioni imekwisha kuwakusanya jikoni penye moto, nitakayoyasema leo yanahusu msiba ambao hauchagui nyumba ya mzembe wala haungoji giza: mtoto mdogo, wa umri wa kutambaa mpaka miaka minne au mitano hivi, anaokota dawa ya mtu mzima mchana kweupe na kuitia kinywani, na mama anapogeuka kutoka kwenye sufuria anamkuta ana ungaunga midomoni na kifuko kitupu mkononi.

Dawa, katika nyumba zetu nyingi, haina makao. Hati ya shamba ina sanduku lake lenye kufuli, fedha zina fundo lake katika pindo la khanga, na mbegu ya mpunga ina gunia lake lililowekwa mbali na unyevu. Lakini dawa hukaa popote ilipoachwa na mkono wa mwisho, mchagoni pa bibi, juu ya dirisha, ndani ya kikombe kilichovunjika mpini, au katika mkoba wa shangazi aliyekuja kututembelea kutoka Makambako na kuuweka mkoba huo kitandani bila ya kushuku kitu. Msimu wa kupandikiza mpunga ukiwadia, jamaa nzima huhamia mashambani Usangu, na huko, katika kibanda cha nyasi kisicho na rafu wala mlango, chumvi, kibiriti, dawa ya magugu na dawa ya homa huwekwa pamoja ardhini, au katika mfuko mmoja unaoning'inia kwenye nguzo, karibu kabisa na mkono wa mtoto. Tena dawa zetu aghalabu hutufikia katika vifuko vyembamba vya plastiki vilivyoandikwa kwa kalamu moja mara tatu au mbili mara mbili, vifuko ambavyo mtoto mwenye meno mawili huweza kuvitoboa, na ambavyo mara nyingine havina hata jina la dawa iliyomo.

Zamani uchungu wenyewe ulikuwa mlinzi wa namna fulani. Klorokwini, ambayo ilikuwa tiba ya kwanza ya malaria nchini mwetu mpaka mwaka 2001, ilikuwa chungu kiasi cha kumfanya mtoto ateme kwa hasira alichokiokota, ingawa ulinzi huo haukutosha, kwa kuwa klorokwini chache tu zikipita kooni huweza kuusimamisha moyo wa mtoto kwa muda mfupi. Baadaye ikaja dawa mseto, na mwaka 2009 ikatolewa ile ya watoto yenye kuyeyuka majini na ladha ya tunda la cheri, dawa ambayo kabla ya hapo ilikuwa imejaribiwa katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo. Silaumu utamu huo hata kidogo, maana watoto waliokuwa wakiitapika dawa chungu sasa huimeza ikakaa tumboni na kufanya kazi yake, nasema tu kwamba mtoto aliyeonja dawa tamu jana ana haki kwa akili yake ndogo ya kudhani kuwa dawa zote ni tamu, na sisi tunazidi kumpotosha pale tunapombembeleza kwa kusema, "Fungua mdomo, mwanangu, hii ni pipi." Neno hilo la pipi naomba lifutwe katika kila nyumba inayonisikia. Mtoto aambiwe kuwa ile ni dawa, hata kama atalia.

Wenzetu wa ng'ambo walikwisha kuyapata haya kabla yetu. Huko Marekani, mwaka 1947 ilianza kuuzwa aspirini ya watoto yenye ladha ya chungwa, na watoto waliipenda mno hata wakawa wanaitafuta wenyewe makabatini, na hospitali zikaanza kupokea watoto walioila kama halua. Jirani yao, katika mji wa Windsor nchini Canada, alikuwako tabibu wa watoto aitwaye Henri Breault, ambaye alichoshwa na kuwahudumia watoto walionyweshwa sumu na udadisi wao wenyewe, akashikilia kwamba kifuniko cha chupa ndicho kinachopaswa kubadilishwa. Na mwaka 1967 kikapatikana kile kifuniko cha kubonyeza kwanza ndipo ukizungushe, ambacho mkono wa mtoto hauwezi. Mwaka 1970 Marekani ikatunga sheria ya kuvilazimisha vifuniko vya namna hiyo. Nimeieleza habari hii ya mbali kwa sababu inatufundisha kuwa pale wale walipoacha kumwonya mama tu, wakakirekebisha chombo, ndipo maafa yalipopungua. Nasi ambao dawa zetu zingali katika vifuko vya plastiki hatuna kifuniko hicho cha kutukinga, kwa hiyo sanduku la kufuli la hati za shamba halina budi kuipokea na dawa.

Sasa, ziko dawa ambazo watu huziogopa na ziko ambazo hawaziogopi, na hofu hiyo kwa bahati mbaya imewekwa mahali pasipo pake. Watu huogopa dawa kali yenye jina geni, lakini vidonge vya kuongeza damu, ambavyo mama mjamzito hupewa kliniki, husambaa nyumbani pasipo hadhari yoyote, kwa vile vimetolewa na nesi na ni vya kumjenga mama na mtoto aliye tumboni. Vingi vyake ni vyekundu, vyenye kung'aa, vimepakwa sukari. Kila kidonge kina madini ya chuma yapatayo miligramu 60, na vidonge 10 vikiingia tumboni mwa mtoto wa kilo 10 huweza kumwua, na vichache kuliko hivyo hutosha kumwumiza vibaya. Ubaya wa chuma haukomei kwenye wingi wake. Katika saa za kwanza mtoto hutapika, huumwa tumbo, huharisha na pengine damu ikaonekana. Kisha, baada ya saa 6 hivi, hutulia, huomba uji, huenda akacheza, na jamaa wote wakamshukuru Mwenyezi Mungu na kuiacha safari ya hospitali waliyokuwa wameikusudia. Utulivu huo ni wa udanganyifu. Ndani ya siku moja kile chuma kilichokwisha kunyonywa na damu huanza kuharibu ini na moyo, na mtoto huanguka ghafula, wakati ambapo matibabu yamekuwa magumu mara nyingi zaidi.

Panadol, yaani parasetamoli, ni ya tabia hiyo hiyo. Nani kati yetu anayeiogopa? Lakini mtoto wa kilo 10 aliyemeza vidonge 3 vya miligramu 500 tayari amefika mpaka wa hatari unaolazimu apelekwe akapimwe, na chupa ya maji ya parasetamoli ya mililita 100, yenye miligramu 120 katika kila mililita 5, ina jumla ya miligramu 2400, ambayo mtoto huyo akiinywa yote amekwisha kuuvuka mpaka. Siku ya kwanza huenda asionyeshe dalili ila kichefuchefu. Ini huanza kulalamika siku ya pili au ya tatu. Iko dawa ya kuivunja sumu hiyo, iitwayo asetilisisteini, nayo hufanya kazi bora ikitolewa kabla ya saa 8 kupita tangu kumeza, na kwa kuwa haipatikani katika kila zahanati, huenda mtoto akahitaji kupelekwa hata Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Hesabuni wenyewe, wasikilizaji: mtu aliyeko kibandani ndani ya Usangu, mtoto wake akameza saa tisa alasiri, akiondoka papo hapo atafika kwa wakati, akisema tulale tuone kutakavyokucha, saa hizo 8 zimekwisha kabla ya jogoo wa kwanza.

Kisha ziko dawa za wazee wetu. Nyumba ya siku hizi ambayo bibi anaishi na mwanawe huwa na dawa ya presha, dawa ya sukari, pengine na dawa ya kifafa ya mjomba, na hizi ndizo ambazo kidonge kimoja huweza kutosha kumtia mtoto mdogo hatarini. Ile dawa ya kisukari iitwayo glibenklamaidi hushusha sukari ya mwili, na kwa mtoto huishusha mno, wala si lazima iwe mara moja. Huenda zikapita saa nyingi, mtoto akalala usiku salama, kisha alfajiri akakakamaa na kutetemeka, macho yamegeuka. Hapo wazee wakiona hayo husema ni degedege, na wako wanaoshika imani kwamba mwenye degedege akichomwa sindano hufa, hivyo mtoto huyo ambaye angeokolewa na maji ya sukari yaliyotiwa mshipani hufukizwa na kufunikwa blanketi mpaka roho inatoka. Nawaheshimu wazee wangu na maarifa yao mengi. Katika hili nawasihi kwa unyenyekevu wakubali kwamba mtoto anayetetemeka katika nyumba yenye dawa ya sukari amepungukiwa sukari mpaka tabibu athibitishe vinginevyo.

Sasa nije kwenye dakika yenyewe. Mama au dada wa mtoto, ukimkuta na dawa, kitu cha kwanza ni kumtoa kinywani mabaki yote kwa kidole, taratibu, pasipo kukisukuma kidole kooni, na kumfuta midomo kwa kitambaa chenye maji. Cha pili ni kukichukua kile kifuko, chupa au karatasi ya dawa, pamoja na vidonge vilivyobaki sakafuni, hata kilichotafunwa nusu, kuvitia vyote mfukoni na kwenda navyo, kwa kuwa kifuko hicho kitamwambia mganga katika dakika moja jambo ambalo vipimo huenda visimwambie kwa siku nzima. Tazama saa, au kama hakuna saa ukumbuke jambo lililokuwa likitendeka, adhana, kengele ya shule, basi la Mbeya lililopita barabarani. Kisha watazame watoto wengine waliokuwapo, maana watoto wanapocheza mchezo wa daktari na mgonjwa hugawana kwa haki, na aliyekamatwa huenda si yeye aliyemeza nyingi. Baada ya hapo safari ianze, kwa bodaboda, kwa gari la mpunga, kwa chochote, huku mtoto amepakatwa na mtu mzima anayemtazama uso. Akisinzia alazwe kwa ubavu ili akitapika matapishi yasimwingie mapafuni, na akipatwa na mtetemeko asitiwe kijiko wala kidole baina ya meno. Ikiwa dawa aliyomeza ni ya sukari, na yu macho na anameza vizuri, anyweshwe maji ya sukari njiani. Kwake yeye kinywaji hicho ni tiba halisi. Mtoto aliyezimia asitiwe chochote kinywani, na asiyepumua apuliziwe pumzi kinywani na puani huku mwendo ukiendelea.

Nimesema habari ya maji ya sukari. Sina budi kusema na habari ya maziwa, kwa maana ndiyo dawa ya kwanza inayokuja katika fikira za karibu kila mtu kuanzia Kyela hadi Iringa. Amekunywa sumu, mpe maziwa! Jirani huyaleta mbio, naye huyaleta kwa huruma, na huruma hiyo naithamini. Lakini maziwa hayaifuti dawa iliyomezwa. Hayakifungi kidonge cha kuongeza damu kikatoka bila ya madhara, hayaizuii parasetamoli isifike kwenye ini, na tumbo lililojazwa maziwa hutapika kwa urahisi, na mtoto aliyeanza kusinzia akitapika huvuta matapishi mapafuni, tukawa tumemwongezea ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza. Fauka ya hayo, nusu saa inayotumika kuyatafuta maziwa ndiyo nusu saa ambayo mkaa wa hospitali ungefanya kazi.

Na huo mkaa ni nini? Ni unga mweusi uliotengenezwa kwa namna ya pekee hata chembe zake zikapata uwezo wa kuzinasa dawa nyingi tumboni kabla hazijaingia katika damu, nao hufaa hasa ndani ya saa moja ya kumeza; haufai kwa chuma wala kwa mafuta ya taa, na mganga ndiye ajuaye lini autoe. Mkaa wa jikoni uliotwangwa si huo, na wala usimpe mtoto.

Kadhalika kumtapisha. Maji ya chumvi, ambayo wengi huyaamini, yameua watoto kwa yenyewe, kwa kuwa chumvi nyingi ikiingia katika damu ya mwili mdogo huukausha ubongo. Kidole kooni hujeruhi. Huko Marekani, kwa miaka mingi waliwashauri wazazi kuweka nyumbani maji maalumu ya kutapisha, na mwaka 2003 madaktari wao wa watoto wakayakataa wakasema yasiwekwe tena, baada ya kuona kwamba hayakuwaokoa watoto waliotarajiwa kuokolewa. Kama alichokunywa mtoto ni mafuta ya taa au dawa ya magugu iliyokuwa katika chupa ya soda, jambo linalotokea sana katika nchi ya mpunga kama yetu, basi kumtapisha ni hatari maradufu, kwani mafuta hayo yakipanda tena huteleza yakaingia mapafuni, na huko ndiko yanakoua.

Katika yote niliyoyataja, hata hivyo, hakuna linalochelewesha watoto kufika kwa tabibu kama aibu. Hapa naomba mnisikilize kwa moyo. Mama aliyekuta kifuko kitupu anajua kabla hajasimama kwamba atalaumiwa. Mama mkwe atauliza alikuwa wapi. Mume atakaporudi kutoka shamba atafoka. Majirani watakunja midomo. Basi huanza kwa kuficha. Hujaribu maziwa kimyakimya, humwangalia mtoto kwa saa moja, mbili, akijiambia labda alivimwaga tu. Na akifika hospitali, akiwa amezungukwa na wakwe, husema mtoto ana homa. Bibi naye, ambaye ndiye mwenye dawa ya presha, hunyamaza kwa kuchelea kuambiwa kuwa amemwua mjukuu. Na tabibu, maskini, hutibu homa isiyokuwapo.

Kwa hiyo nawaombeni ninyi wenye sauti nyumbani, baba, babu, mama mkwe, siku jambo hili litakapotokea, neno lenu la kwanza liwe, "Amemeza nini, na saa ngapi?" wala lisiwe, "Ulikuwa wapi?" Swali la pili lina wakati wake, nao ni baada ya mtoto kupona, na hata wakati huo naona lafaa kuulizwa kwa watu wote wa nyumba, kwa sababu dawa haikufika sakafuni kwa mkono wa mama peke yake. Nanyi wauguzi wetu, ambao kazi yenu naiheshimu kuliko niwezavyo kusema, mama akija amelia msimkaripie mapokezini mbele ya watu. Mpelekeni kando, mwulizeni kwa upole, "Mama, hapa hakuna wa kukulaumu, tuambie kilichokuwa ndani ya nyumba." Mkiongeza neno moja wakati wa kugawa vidonge vya kuongeza damu kliniki, kwamba hivi vitamu vya nje ni sumu kwa mdogo aliyeko nyumbani, mtakuwa mmekinga mengi kwa pumzi moja.

Wazee wa rika langu watakumbuka mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 nchini kote walipokusanyika kwa vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaondoka kuchimba vyoo na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba zao. Redio wakati ule iliweza kumwinua mtu kitini akashika jembe. Usiku huu sitaki jembe. Nataka kila anayenisikia ainuke akazikusanye dawa zilizomo nyumbani mwake, aziweke juu na kufunga, na zile zilizokwisha muda wake, au zisizojulikana jina, azirudishe zahanati au katika duka la dawa muhimu. Maduka hayo, ambayo mpango wake ulianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, yana wauzaji waliofunzwa, na wanaweza kukusomea jina la dawa lililokushinda. Lakini mtoto akiwa amekwisha kumeza, usisimame dukani kununua kitu cha kumpa. Soma jina, endelea na safari.

Hospitali ya Misheni ya Chimala iko pale chini ya mlima, karibu na barabara kuu, ambako yule ateremkaye kona za Matamba na yule apandaye kutoka mashamba ya Kapunga wote huweza kuifikia. Na aliyeko mbali nayo aanze na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, wampime, wamtie mtoto katika njia ya kwenda mbele. Mkifika, msishangae mkiambiwa mtoto alazwe ingawa anacheka. Baadhi ya dawa hutazamwa kwa saa 24, sukari ikipimwa tena na tena usiku kucha, na kwa sababu ya ule utulivu wa udanganyifu nilioueleza, jamaa wengi huchoka, wakaona fedha zinapotea bure kwa mtoto anayekimbia wodini, wakamtorosha jioni ile ile. Msimtoroshe. Akina baba mlioachwa nyumbani, pikeni au mwombeni dada awapikie, mpeleke chakula na blanketi wodini, mkae na mama yake mpaka tabibu mwenyewe aseme kwamba mnaweza kuondoka.